Mgonjwa Asiyeandikwa Daftarini

Kila zahanati ina daftari lake. Hukaa juu ya meza ya mganga au muuguzi, nalo limepigwa mistari, na ndani yake huandikwa tarehe, jina la mgonjwa, umri wake, kijiji atokako, ugonjwa ulioonekana na dawa aliyopewa. Mwisho wa mwezi muuguzi huketi akahesabu mistari hiyo, akajaza fomu, na fomu ikapelekwa wilayani, kisha wizarani. Huko hujumlishwa pamoja na nyingine, na taifa likajua kwamba katika mwezi huo malaria imewapata watu kadhaa, kikohozi kadhaa, na kuhara kadhaa. Kazi hiyo ni ya kuheshimiwa, maana mara nyingi anayehesabu ndiye huyo huyo aliyezalisha usiku, akachanja watoto asubuhi, na kufunga vidonda adhuhuri.

Shule nayo ina daftari, lakini daftari la shule lina jambo moja ambalo la zahanati halina. Mwalimu huita majina yote. Aitikaye huwekewa alama, na asiyeitika huwekewa alama yake pia. Jioni mwalimu huwajua waliokuja na wasiokuja, na mwalimu anayeipenda kazi yake humtuma mtoto wa jirani aende akaulize kulikoni. Katika zahanati hakuna aitaye majina. Mtu ambaye hakufika hana mstari, hana tarehe, wala hana alama. Ikiwa amepona, haijulikani. Ikiwa amezidiwa, haijulikani. Na akifa nyumbani, pengine habari zake zitafika kanisani au msikitini kabla hazijafika kwa mganga.

Utafiti katika huduma ya afya ya msingi una shida nyingi. Fedha zake ni chache, wenye kuufanya wana kazi nyingine tele, na wasomi wengi huvutwa na hospitali kubwa za mijini. Lakini shida iliyo mzizi wa nyingine ni hii ya daftari. Wale waliofanikiwa kuwafaa watu kwa utafiti wa namna hiyo, kila mmoja kwa njia yake, walianza kwa kumtafuta mtu ambaye hakuja.

MMOJA KATIKA ELFU

Mwaka 1961 daktari Kerr White wa Marekani na wenzake wawili walichapisha hesabu ambayo imefundishwa katika vyuo vingi vya uganga. Walichukua takwimu za Marekani na Uingereza, wakauliza: katika watu wazima 1,000, ni nini huwapata kwa muda wa mwezi mmoja? Jibu walilolipata ni kwamba watu 750 hivi huona dalili fulani ya ugonjwa au hupata jeraha. Katika hao, 250 humwendea daktari. Watu 9 hulazwa hospitalini, 5 hupelekwa kwa daktari mwingine, na mmoja tu ndiye afikaye katika hospitali kuu ya chuo kikuu. Mwaka 2001 hesabu hiyo ilirudiwa nchini Marekani kwa takwimu mpya, na sura yake ikaonekana kuwa ile ile: wagonjwa wengi mno chini, na wachache mno juu.

Hesabu hiyo ilikuwa na funzo zito kwa wenye elimu. Madaktari walikuwa wakifundishwa katika hospitali ya yule mmoja, na utafiti mwingi ulikuwa ukifanywa juu ya yule mmoja, ilhali kazi itakayowangoja wengi wao ni ya wale 250. Na nyuma ya wale 250 wamo wengine 500 walioona dalili wakabaki nyumbani. Miongoni mwao wapo waliofanya vyema kubaki, kwa kuwa mafua huisha yenyewe. Wapo waliobaki kwa kukosa nauli, wapo walioogopa watakaloambiwa, na wapo ambao hawakujua kwamba walilokuwa nalo ni ugonjwa. Kwa kulitazama daftari peke yake, hakuna awezaye kumtenga mmoja na mwingine.

MAILI MBILI, NUSU YA WATU

Ushahidi mmoja mashuhuri wa jambo hili ulitoka Uganda. Katika kitabu kilichoandaliwa na waalimu na madaktari wa Makerere, kikahaririwa na daktari Maurice King na kuchapishwa mwaka 1966, yamo matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya Mityana. Waliohesabu hawakuridhika na idadi ya wagonjwa wa nje. Waliuliza kila mmoja atoka wapi, kisha wakalinganisha na idadi ya watu wa mahali hapo. Wakaona kwamba kwa kila maili mbili za kwenda mbali na hospitali, mahudhurio yalipungua kwa nusu. Maana yake ni kwamba, kama watu wanaokaa karibu na lango la hospitali walikwenda mara 100, watu wa idadi hiyo hiyo wanaokaa maili mbili walikwenda mara 50, wa maili nne mara 25, na wa maili sita mara 12 au 13.

Hakuna mtu awezaye kuamini kwamba homa hupungua kwa kadiri mtu anavyokaa mbali na hospitali. Mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni na mwingine mkononi ndiye aliyepungua njiani. Utafiti huo ulihitaji kalamu, ramani na subira, wala haukuhitaji maabara. Hata hivyo ulisema jambo ambalo mipango ya afya haikuweza tena kulikwepa: hospitali nzuri iliyo mbali ni hospitali ya majirani zake.

Fedha nayo ni umbali wa namna nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1989 malipo yalianzishwa katika vituo vya serikali nchini Kenya, na watafiti wakafuatilia yaliyotokea katika kliniki moja ya rufaa ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi. Katika miezi tisa ya malipo, mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Ugonjwa haukuwa umepungua. Wenye ugonjwa ndio waliotoweka daftarini, wakarudi nao majumbani kwao. Uganda ilipoondoa malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001, mahudhurio yaliongezeka sana, na maskini wakawa miongoni mwa waliofaidika zaidi, ingawa upungufu wa dawa uliendelea kuwarudisha wengine mikono mitupu. Msomaji aliyeona foleni ya mwaka ule pengine alidhani kwamba maradhi yamezidi. Kwa kweli foleni ilikuwa imewaonyesha watu waliokuwapo siku zote.

MADAKTARI WAWILI WA MASHAMBANI

Katika bonde la Wensleydale, kaskazini ya Uingereza, aliishi daktari William Pickles, ambaye alianza kazi huko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hakuwa na chuo wala msaidizi wa kisayansi. Alichokuwa nacho ni vijiji vichache vilivyotengwa na milima, na ujuzi wa nani ni ndugu ya nani, nani anamchumbia nani, na nani alikwenda soko gani siku gani. Mkewe na binti yake walimsaidia kutunza kumbukumbu za kila siku, hata nyumba ikawa kama ofisi.

Mwaka 1929 ugonjwa unaotia macho na ngozi umanjano uliingia bondeni humo, ukawapata watu wapatao 250. Pickles alikumbuka kwamba msichana mmoja aliyemwona asubuhi akiwa kitandani, mgonjwa, aliamka siku hiyo hiyo akaenda kwenye sherehe ya kijiji. Majuma kadhaa baadaye wakaanza kuugua watu waliokutana naye huko. Kwa kufuata watu kwa majina, siku kwa siku, daktari huyo aliweza kusema kwamba tangu kuambukizwa hadi kuugua hupita siku kati ya 26 na 35. Daktari wa mji mkubwa asingaliweza kulijua jambo hilo, kwa sababu katika mji mkubwa hakuna ajuaye nani alikutana na nani. Mwaka 1939 Pickles alitoa kitabu chake juu ya magonjwa ya kuambukiza mashambani, na Chuo cha Madaktari wa Jumla kilipoundwa Uingereza mwaka 1952, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza.

Wa pili ni Julian Tudor Hart, aliyehamia Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, mwaka 1961. Kijiji kilikuwa na watu wapatao 2,000. Hart aliona wanaume wenye nguvu wakianguka ghafla kwa kiharusi na kwa ugonjwa wa moyo kabla hawajafika uzeeni, na wengi wao hawakuwa wamefika kwake hata siku moja kulalamika. Shinikizo kubwa la damu ni maradhi yasiyouma. Mwenye nalo hula, hulala, huenda kazini, hata siku ambayo mshipa unapasuka. Basi kumngoja aje ni kumngoja aanguke.

Kuanzia mwaka 1968 Hart alifanya kazi ya kuwapima watu wazima wote wa kijiji, wenye umri kati ya miaka 20 na 64. Aliyekuja kwa kidonda cha kidole alipimwa damu. Aliyemleta mtoto alipimwa pia. Wasiokuja waliandikwa majina, wakatafutwa mmoja mmoja, mpaka wakabaki wachache tu. Hapo ndipo daftari la zahanati lilipofanana na la shule. Katika utafiti wa namna hiyo, wa Uingereza na wa Marekani, ilionekana kanuni iliyoitwa kanuni ya nusu: katika watu wenye shinikizo kubwa la damu, nusu hawajulikani, katika wanaojulikana, nusu hawatibiwi, na katika wanaotibiwa, nusu hawajafikia kipimo kinachotakiwa. Kwa hiyo katika watu 8, mmoja tu ndiye aliyehudumiwa sawasawa.

Mwaka 1991, baada ya miaka 25 ya kazi hiyo, Hart na wenzake walichapisha matokeo. Vifo vya watu ambao hawajafikia miaka 65 katika Glyncorrwg vilikuwa pungufu kwa zaidi ya robo kuliko katika kijiji jirani kilichofanana nacho kwa umaskini na kwa kazi. Vijiji vyote viwili vilikuwa na huduma ya daktari; kilichokuwa cha pekee Glyncorrwg ni kuwatafuta watu ambao hawajaugua na kuwafuata mwaka hata mwaka. Mwaka 1971 Hart alikuwa amekwisha kuandika makala iliyomfanya ajulikane duniani, akisema kwamba tiba nzuri huelekea kuwa adimu mahali inapohitajiwa zaidi, na kuwa tele mahali ambapo haja ni ndogo, hasa pale tiba inapoachwa iongozwe na soko. Kauli hiyo haikutoka katika jumba la mikutano. Ilitoka kwa mtu aliyekuwa akigonga milango.

KADI INAYOKAA NYUMBANI

Akina mama wa nchi hizi wanaijua kadi ya kliniki yenye mistari inayopanda, ambayo uzito wa mtoto hutiwa nukta kila mwezi. Pengine hawajui kwamba kadi hiyo nayo ni tunda la utafiti wa kijijini. Daktari David Morley alifika Nigeria ya magharibi mwaka 1956, na katika kijiji cha Imesi-Ile yeye na wauguzi wake wakawafuata watoto tangu kuzaliwa, nyumba kwa nyumba, kwa miaka kadhaa. Waliona kwamba utapiamlo haumwangukii mtoto kwa siku moja. Miezi kabla miguu haijavimba na nywele hazijabadilika rangi, uzito huwa umekwisha kusimama. Anayempima kila mwezi huiona hatari mapema. Anayengoja dalili huiona imechelewa. Waliona pia kwamba surua, ambayo huko Ulaya ilikuwa imeanza kuhesabiwa kuwa ugonjwa mdogo wa utotoni, ilikuwa ikiua watoto wengi.

Morley alifanya jambo ambalo wenzake wengi walilitilia shaka: kadi alimpa mama akae nayo nyumbani. Ilidhaniwa kwamba zitapotea, zitalowa, zitachezewa na watoto. Zilipotea chache tu. Mama aliihifadhi kadi katika mfuko wa nailoni kama anavyohifadhi hati ya thamani, na akaja nayo siku ya kliniki. Tangu hapo kumbukumbu ya mtoto haikuwa tena ya ofisi peke yake. Mama mwenye kuisoma kadi hujua yeye mwenyewe kwamba nukta ya mwezi huu haikupanda, naye huwa ana haki ya kuuliza kwa nini.

WANAUME WALIOSAHAULIWA

Mfano wa mwisho watoka Bangladesh, nao wafaa kufikiriwa hasa na waume. Mwaka 1980 shirika la BRAC lilianza kuwafundisha akina mama, nyumba kwa nyumba, namna ya kutengeneza maji ya kumnywesha mtoto anayeharisha: maji safi, chumvi kiasi cha kushika kwa vidole vitatu, na konzi ya sukari guru. Wanawake waliotumwa kufundisha walilipwa kwa kadiri akina mama walivyoyakumbuka mafunzo walipoulizwa baadaye. Akina mama walikumbuka vizuri sana. Lakini watafiti walipouliza swali jingine, yaani ni wangapi waliyatumia maji hayo mtoto alipoharisha, wakakuta kwamba mwanzoni walikuwa wachache.

Shirika halikuficha matokeo hayo. Lilichunguza likaona kwamba baadhi ya wafundishaji wenyewe hawakuyaamini maji hayo wala hawakuyatumia walipoharisha. Likaona pia kwamba wanaume hawakuambiwa kitu. Mwanamke mgeni aliingia uani, akazungumza na mke, akaondoka. Mume akarudi akaambiwa kwamba dawa ya kuhara ni chumvi na guru, akadharau. Kazi ikarekebishwa: wafundishaji wakaelimishwa upya, na wanaume wakafuatwa sokoni, misikitini na kwenye mabaraza. Hadi mwaka 1990 nyumba zaidi ya milioni 12 zilikuwa zimefikiwa. Katika daftari la mafunzo kila mama alikuwa na alama nzuri tangu siku ya kwanza. Aliyekosekana ni baba, na mtoto ndiye aliyelipa.

WAJIBU WA NYUMBA

Mkutano wa Alma-Ata wa Septemba 1978 ulikubaliana kwamba huduma ya afya ya msingi ijengwe pamoja na wananchi wenyewe. Leo vijiji vya Uganda vina timu zao za afya, zilizoanzishwa tangu mwaka 2001. Kenya nayo mwaka 2023 ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao katika mikoba yao wana kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari. Wahudumu hao wana kitu ambacho Pickles na Hart walikuwa nacho: wanaijua milango. Muuguzi wa zahanati huweza kuhamishwa baada ya muda mfupi, na ujuzi wake wa kijiji ukahama naye; mhudumu wa kijiji hubaki, kwa sababu hapo ndipo kwao.

Basi nyumba ina sehemu yake. Mhudumu abishapo hodi, haifai kumjibu kwamba watu wote hawajambo ili apite, wakati bibi hajatoka chumbani kwa siku tatu na shemeji amepungukiwa na nguvu ya mkono. Baba mwenye umri wa miaka 40 asiyesikia maumivu yoyote ndiye hasa anayetakiwa akunje mkono wa shati apimwe, kwa kuwa ugonjwa huu haungoji maumivu. Kadi ya mtoto itunzwe, na isomwe na wazazi wote wawili. Jirani aliyeacha kwenda kuchukua dawa zake aulizwe kwa upole sababu yake, maana pengine ni nauli, pengine ni maneno makali aliyoambiwa dirishani, na yote mawili yafaa yafike kwenye kamati ya afya.

Nao wafanyao utafiti wana deni. Watu hukubali kuulizwa habari za ndani za nyumba zao, kutolewa damu na kupimiwa watoto, kisha mara nyingi fomu huondoka na gari wala jibu halirudi. Mtu aliyehesabiwa mara tatu bila kuambiwa lolote hatafungua mlango mara ya nne, naye ataingia katika idadi ya wasioonekana. Watafiti wakikusanya habari kijijini, warudi siku ya baraza, wasimame mbele ya wazee, akina mama na vijana, waseme waliyoyaona na kinachoweza kufanywa, kwa lugha inayosemwa hapo.

Na kwa muuguzi aliye peke yake, ambaye mwisho wa mwezi huhesabu mistari kwa mwanga wa taa, yapo mambo madogo yasiyohitaji fedha ya mfadhili. Anaweza kutenga kurasa chache nyuma ya daftari na kuandika majina ya wajawazito wote wa vijiji vyake, ya watoto wanaotarajiwa kuchanjwa, na ya wenye shinikizo la damu na kifua kikuu. Siku iliyopangwa ikipita na jina halikupata alama, ampe mhudumu wa kijiji jina hilo kabla jua halijatua. Katika majina kumi, huenda tisa yakawa ya watu waliosahau au waliosafiri. La kumi laweza kuwa la mama ambaye uchungu umemshika tangu jana.